Pingili Tatu za Dada Yangu

Wanaowajibika kwa yaliyoupata mgongo wa dada yangu ni watu watatu, nami nitawataja kwa vyeo vyao, kwa kuwa dhamana hukaa katika cheo. Wa kwanza ni tabibu wa kituo kimoja cha afya hapa Tabora, aliyemwona dada mara tano na asimguse mgongo hata mara moja. Wa pili ni mganga mfawidhi wa kituo hicho, ambaye wajibu wake ni kupitia maandishi ya walio chini yake, naye hakuyapitia. Wa tatu ni mimi, mdogo wake, karani mstaafu wa masijala, niliyeketi kwenye kiti cha pili katika chumba cha tabibu na kutoa ushahidi wa uongo nikidhani ninamsifu dada yangu.

Dada yangu ni mjane wa miaka sabini na moja. Ana nyumba na shamba la ekari nne upande wa Kaliua, alikoolewa na alikomzika mumewe. Alikuja kwangu mwezi Julai kutibiwa macho, akaniambia tangu siku ya kwanza kwamba Oktoba haitamkuta mjini, kwa sababu msimu wa kilimo haumsubiri mtu, na kwa sababu shemeji zake walikuwa wameanza kulipima shamba lile kwa macho. Kwa desturi ya ukoo ule, shamba la mjane ni lake maadamu analilima. Akiliacha kwa hiari yake, wenye ukoo wanarudi.

Macho yalitibiwa yakapona. Wiki ya tatu, siku ambayo alikuwa tayari amefunga mzigo wake, aliinama uani kuinua beseni la nguo zilizoloa. Hakuanguka wala hakuteleza. Nilimwona akiketi taratibu juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja kiunoni.

"Mdogo wangu," akasema, "kuna kijiti kimevunjika."

"Kijiti gani, dada?"

"Sijui. Kiko ndani."

Wiki hiyohiyo, jirani yetu wa ukuta mmoja alipata mkasa wa namna hiyo. Huyu ni mama wa umri wa dada, ambaye wazee wake upande wa baba ni Waarabu waliokuja mji huu na misafara na hawakuondoka tena. Anaoka vileja na kuviuza. Aliinama kutoa sinia katika jiko, akashindwa kunyooka. Binti yake alikodi bajaji, nasi tukapanda pamoja, wazee watatu, wawili kati yetu wakiugulia kila tairi lilipokanyaga shimo.

Lazima nieleze utani uliokuwa baina ya wanawake hawa, maana hili jambo lilianzia humo. Wazee wa jirani walikuwa na misafara, na wazee wetu Wanyamwezi waliibeba mizigo yake hadi pwani na kurudi. Katika nyumba yetu jambo hilo halikuwa aibu hata siku moja. Baba yetu alilitamka kama mtu anavyotaja shahada. Kila tulipolalamika kuhusu mzigo wa kuni au robota la tumbaku alituambia kwamba sisi ni uzao wa watu waliotembea miezi mitatu na pembe ya ndovu begani, na mgongo wa mpagazi haujui kukatika. Tulikua tukiamini hivyo. Mimi niliamini hadi mwaka huu, pamoja na elimu yangu yote.

Pale kwenye benchi la kusubiria, jirani ndiye aliyeanza.

"Na wewe umekuja kutafuta nini hapa? Wapagazi nao huugua mgongo?"

"Tunaugua tukibeba Waarabu kwa muda mrefu," dada akajibu.

"Basi nitue, shoga. Nimekwisha kufika."

"Nikutue vipi na wewe umenenepa njiani?"

Benchi zima lilicheka, wao wenyewe wakajishika viuno kwa sababu kicheko kiliwauma. Jirani aliitwa kwanza. Alikaa ndani muda mrefu, akatoka na karatasi ya kwenda kupigwa picha ya mionzi. Kisha tukaitwa sisi.

Tabibu alikuwa mtu wa adabu, nalo hilo naliweka katika kumbukumbu. Alimwamkia dada shikamoo, akaitikiwa marahaba, akauliza kama alianguka.

"Sikuanguka, mwanangu. Niliinua beseni."

"Beseni tu?"

Hapo ndipo niliponyanyua sauti yangu ambayo hakuna aliyeiomba. Nilisema, "Tabibu, huyu amebeba maji, kuni na tumbaku tangu utotoni. Sisi ni uzao wa wapagazi. Mfupa wa Mnyamwezi haukatiki kwa beseni."

Tabibu akacheka kwa kuafiki. "Kweli, mzee wangu. Sisi weusi mifupa yetu ni mizito. Haya mambo ya mifupa kuwa myepesi ni ya Wazungu, Waarabu na Wahindi. Mama, huu ni uzee na kazi nyingi. Misuli imechoka."

Akaandika mistari miwili katika daftari la dada, lile daftari la shule ambalo kila mgonjwa wetu hununua dukani na kwenda nalo kutibiwa, akampa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua. Nilitoka mle ndani kifua mbele. Ninaona uchungu kuliandika hilo, lakini kumbukumbu isiyomtaja mwandishi wake pale alipokosea si kumbukumbu.

Jirani alirudi na majibu baada ya siku mbili: pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imebonyea, kwa sababu mifupa yake imepungua uzito. Alipewa dawa za kuimarisha mifupa, akaonywa asiiname wala asiinue kitu, akafundishwa namna ya kuamka kitandani kwa kugeuka ubavu kwanza. Dada yangu hakuonywa lolote. Kwa kuwa aliambiwa ni misuli, aliona ni wajibu wake kuifanyisha kazi. Alifagia uani, akatwanga kisamvu, akanionya nisimsaidie asije akazoea. Kila maumivu yalipozidi tulirudi kituoni, na kila tuliporudi tabibu yuleyule aliangalia ukurasa wa nyuma, akaona kwamba alikwisha kuandika uzee, akaandika uzee tena. Mara ya tatu dada alimwambia hawezi tena kulala chali, kwamba analala ameketi kwenye kiti changu cha mbao na mito miwili. Tabibu akamwongezea vidonge.

Oktoba ilikuja ikapita. Shemeji mmoja alipiga simu.

"Shemeji, huku tumeona tulime kipande cha chini tu, wakati tunakusubiri."

"Nakuja," dada akamwambia. "Mgongo ukitulia nakuja."

"Tumesikia unaumwa uzee."

"Nani amesema?"

"Si ndivyo mlivyoambiwa hospitali? Sasa uzee unapona, shemeji?"

Desemba walipiga tena, na safari hii walikuwa wamekwisha kupanda kipande cha juu pia.

Aliyegundua ukweli hakuwa tabibu, wala mganga mfawidhi, wala mimi niliyekuwa nikila naye meza moja. Alikuwa fundi cherehani wa barazani, mtaa wa pili, mtu ambaye ameshonea nusu ya wanawake wa mtaa huu na ambaye huandika vipimo vya kila mteja katika kitabu chake, mwezi na mwaka vikiwa pembeni. Mwezi Februari akina mama wa kanisa letu walinunua vitenge vya sare ya Pasaka. Dada alipopimwa, fundi alitazama kitabu, akatazama futikamba, akapima tena. Kisha akaniita mimi niliyekuwa nikisubiri kwenye ngazi.

"Mzee, hebu njoo. Mama nilimpima Julai, wiki aliyofika. Bega mpaka kifundo cha mguu, inchi hamsini na mbili. Leo naona hamsini."

"Umekosea Julai."

"Sikukosea Julai. Lile gauni analo, liulize lenyewe. Mbele linaburuza chini, nyuma limepanda. Mtu akiwa hivyo ameanza kupinda."

"Basi futikamba yako imevutika."

Fundi hakukasirika. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mteja anayetaka suruali ya mwaka jana imtoshe mwaka huu. "Leta kipimo chako, mzee."

Nilikwenda nyumbani nikarudi na rula ya chuma niliyostaafu nayo. Tukaitandaza futikamba juu ya meza ya kukatia, tukailinganisha na rula inchi kwa inchi, mwanzo hadi mwisho, dada akitutazama kutoka kwenye kiti.

"Mkimaliza kuipima hiyo kamba," akasema, "mnaweza kunipima na mimi. Mimi ndiye niliyepungua."

Futikamba ilikuwa sahihi. Niliomba ruhusa nikanukuu vipimo vyote viwili kwenye karatasi, fundi akaweka sahihi yake chini. Jioni hiyohiyo jirani alikuja na sahani ya vileja, akasikia habari, akaweka sahani chini.

"Lete daftari lake," akaniambia. "Nami nalileta langu."

Tuliyaweka madaftari mawili mezani. Yalikuwa na mwandiko mmoja, tarehe moja, yakitofautiana kwa nusu saa. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza cha mkato, nami niliyafasiri kwa sauti. La jirani lilisema: mwanamke, miaka sabini, asili ya Kiarabu, maumivu ya ghafla baada ya kuinama, huenda pingili imevunjika, apigwe picha. La dada lilisema: mwanamke, miaka sabini na moja, mkulima, maumivu ya mgongo ya uzee na kazi, apewe dawa, apumzike. Neno ghafla halikuwamo. Beseni halikuwamo.

Jirani alilivuta daftari lake karibu. Kisha akasema, "Asili ya Kiarabu. Hakuniuliza, unajua? Mama yake mama yangu alikuwa Mnyamwezi wa hukohuko Kaliua. Ningemwambia, kama angeuliza. Alinitazama pua, akaandika."

"Kwa hiyo umevunjika upande gani?" dada akamuuliza. "Wa kwenu au wa kwetu?"

"Nyamaza, mpagazi. Leo sina utani."

Kesho yake nilivaa koti na kwenda kituoni na madaftari yote mawili, pamoja na karatasi ya fundi. Tabibu aliisoma akiwa amesimama.

"Mzee wangu, hivi ni vipimo vya gauni."

"Ni vipimo vya binadamu aliyemo ndani ya gauni. Wewe una vyako?"

Hakuwa navyo. Hakuwahi kumpima urefu. Nilimuuliza kwa nini wanawake wawili wa umri mmoja, wenye malalamiko yaleyale, walipata uamuzi tofauti katika saa moja. Alinijibu bila hila, na naamini alisema alichokiamini: kwamba wamefundishwa kuwa ugonjwa huu ni nadra kwa weusi, kwamba mashine ya picha ni moja na foleni ni ndefu, na kwamba mtu huanza na pale penye uwezekano mkubwa.

"Halafu, mzee wangu, wewe mwenyewe ulisema," akaongeza. "Mfupa wa Mnyamwezi."

Ilikuwa kweli. Niliomba kumwona mganga mfawidhi. Yeye alisema kwamba hakuwahi kuletewa malalamiko, na jambo ambalo halijaletwa mezani kwake hawezi kulijua. Nikamwambia kwamba mimi nimefanya kazi masijala kwa miaka thelathini na mitatu, na kwamba udhuru huo niliusikia kila wiki, na kila wiki jalada lilikuwa chini ya kiwiko cha anayeutoa. Akaandika rufaa.

Picha ilipigwa mwezi Machi katika hospitali kubwa zaidi. Daktari aliyetupokea, mwanamke wa makamo, aliibandika mbele ya mwanga na kutuonyesha kwa ncha ya kalamu. Pingili tatu zilikuwa zimebonyea mbele, kama matofali mabichi yaliyokanyagwa upande mmoja. Moja, alisema, inaonekana ni ya zamani kuliko nyingine. Pengine ndiyo ile ya beseni. Mbili zimefuata.

"Zingezuilika hizo mbili?" nikauliza.

"Siwezi kukuapia. Lakini mtu aliyevunjika pingili moja yuko katika hatari ya kuvunjika nyingine, na ndiyo maana tunaanza dawa mapema na kumkataza kuinama. Huyu aliambiwa nini?"

"Aliambiwa ni uzee," dada akasema. "Nikafagia."

Nilimuuliza daktari kama ni kweli alichofundishwa tabibu. Hakukikanusha chote, na ninaandika maneno yake kadiri ninavyoyakumbuka kwa sababu aliyapima. Alisema ni kweli kwamba wanawake weusi, ukiwachukua kwa ujumla wao, huvunjika mifupa kwa uchache kuliko Wazungu. Lakini uchache si kinga. Akasema pia kwamba idadi yenyewe ina walakini, hasa kwa mgongo, kwa kuwa pingili huvunjika bila mtu kuanguka na haionekani mpaka ipigwe picha. Na anayedhaniwa hawezi kuvunjika hapelekwi kwenye picha, asiyepigwa picha hahesabiwi, na asiyehesabiwa anakuwa ushahidi kwamba watu wa aina yake hawavunjiki.

Hayo niliyaelewa kuliko alivyodhani. Nimeona masijala nzima zikiendeshwa kwa kanuni hiyo. Mtu huja na shauri lake dirishani, karani hamfungulii jalada, na mwisho wa mwaka taarifa hupelekwa juu ikisema eneo lile halina mashauri. Ni taarifa safi, imepigwa mhuri, na ni uongo.

Tulipofika nyumbani dada aliketi kwenye kiti chake cha kulalia, akasema, "Kumbe nilikuwa nimevunjika. Nami nikadhani nimekuwa mvivu."

Nilimwomba radhi. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyempa tabibu yale maneno ya mifupa na wapagazi.

"Nilikuwepo, mdogo wangu. Nilikuwa nimekaa hapohapo. Na nilifurahi kusikia. Lakini mimi na wewe hatukusomea. Yeye alisomea."

Sasa anatumia dawa. Maumivu yamepungua, na usiku analala kitandani kwa ubavu. Daktari amemkataza safari ya treni ya kurudi Kaliua hadi hapo atakapoamua tena, na jembe amekatazwa moja kwa moja. Shamba lingeweza kulimwa na kibarua kwa jina lake, na desturi inaruhusu hilo kwa mjane mgonjwa. Tatizo ni kwamba shemeji zake wamepeleka shauri mbele ya wazee wa ukoo, wakidai kwamba hakuwa mgonjwa. Kwamba alinogewa na mji, akaliacha shamba kwa hiari yake tangu Julai. Mmoja wao, aliyetutembelea mwezi Novemba, alisoma daftari lake la matibabu juu ya meza yangu, na sasa analitaja kama kielelezo. Wamesema wazi: daftari la serikali linasema uzee, halisemi kuvunjika. Picha ni ya Machi. Kabla ya Machi, kwa maandishi yaliyopo, dada yangu alikuwa mwanamke mzima aliyechoka.

Wazee wa ukoo wameahirisha shauri na kutaka maandishi. Dada aliniita akaniambia, "Waandikie wale wa kituo. Sitaki wafukuzwe. Nataka waseme wenyewe kwamba siku ile ya kwanza nilikuja nikiwa nimevunjika."

Nimewaandikia mara mbili. Barua ya kwanza nilijibiwa kwa mdomo na mhudumu wa mapokezi kwamba imepokelewa. Ya pili nilijibiwa kwamba mganga mfawidhi yuko semina. Nimekwenda mara nne, nimeketi kwenye benchi lilelile, na mara ya mwisho niliambiwa kwamba kituo hakina utaratibu wa kusahihisha daftari la mgonjwa, kwa kuwa daftari ni mali ya mgonjwa. Nikauliza kama makosa yaliyomo nayo ni mali ya mgonjwa.

Kwa hiyo ninadai, mbele ya yeyote atakayesoma haya na hasa wale wenye mamlaka juu ya kituo hicho, yafuatayo. Tabibu husika aandike kwa mkono wake, katika daftari lilelile na chini ya tarehe ileile ya Julai, kwamba mgonjwa alieleza maumivu ya ghafla baada ya kuinua beseni, kwamba hakumpima wala hakumpeleka kwenye picha, na aeleze ni kwa sababu gani mwanamke aliyemtangulia alipelekwa. Mganga mfawidhi athibitishe kwa sahihi na mhuri kwamba pingili ya kwanza, kwa maoni ya hospitali iliyosoma picha, inalingana na siku hiyo, na aeleze kwa maandishi ni lini alipitia daftari lolote la mwanamke mzee mwenye maumivu ya mgongo, na wanawake wangapi wa namna hiyo waliandikiwa uzee bila kupimwa hata urefu. Mwanamke yeyote mzee atakayefika hapo akilalamika mgongo apimwe kwanza, na rangi yake iandikwe mwisho, kama ina ulazima wa kuandikwa. Majibu yaletwe kwa maandishi na si kwa mdomo, ndani ya siku ishirini na moja, kabla wazee wa ukoo hawajaketi tena Kaliua, na yakabidhiwe kwa dada yangu mwenyewe, mkononi, na walioyaandika.